Kutaja na Kuhesabu

Watoto wengi hufika darasa la kwanza wakijua kutaja hesabu. Ukiwauliza, watasema upesi: moja, mbili, tatu, mpaka kumi, hata ishirini. Wazazi hufurahi. Lakini mwalimu mwenye busara hangoji sifa. Amwekea mtoto maharagwe saba mezani, amwambia: "Hesabu." Kidole chapita huku, ulimi wapita kule. Haragwe moja lapata majina mawili, jingine halipati hata moja, na mtoto ajibu: "Kumi!"

Mtoto huyo si mjinga. Amejifunza wimbo tu. Na kumpiga, kama walimu wengine walivyozoea, hakumfundishi kitu ila kuogopa maharagwe.

Afundishwe kusogeza. Haragwe moja, neno moja. Lililokwisha kutajwa livutwe kando, lisirudi. Hii ni kazi ya zamani sana. Mwaka 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa huko Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward. Umri wake ni kama miaka 20,000, nao umekatwa mapengo mafungu mafungu. Upande mmoja ni 11, 13, 17 na 19. Wataalamu hawajapatana juu ya maana yake. Lakini aliyeukata alikata pengo moja moja, akaacha nafasi kati ya fungu na fungu.

Maharagwe yakiisha kusogezwa, mwalimu auliza: "Ni mangapi?" Mara nyingi mtoto huanza tena: moja, mbili, tatu. Hajajua ya kuwa neno la mwisho ndilo jibu la yote. Watu wazima huliona jambo hili dogo, kwa sababu wamesahau siku walipolijua.

Kuna jaribu jingine. Panga safu mbili za maharagwe, sita na sita, zilingane. Kisha itandaze moja, iwe ndefu. Mtoto wa miaka mitano mara nyingi atasema ya kuwa safu ndefu ina mengi zaidi. Jean Piaget wa Uswisi alieleza mambo ya namna hii katika kitabu cha mwaka 1941. Lakini wauza ndagala hawakuhitaji kitabu. Mtoto akitumwa sokoni na macho hayo, atachagua fungu lililotandazwa vizuri, na jioni chakula hakitatosha.

Baadaye zaja alama. Hapo 6 na 9 huleta taabu, wala si ajabu. Kikombe kikipinduliwa ni kikombe bado. Kwa nini 6 ikipinduliwa iwe kitu kingine? Basi mtoto aiandike mchangani kwa kidole, mara nyingi, akianza kila siku mahali palepale.

Kwa makumi, Kiswahili chasaidia sana. "Kumi na mbili" chasema wazi kilicho ndani yake. "Douze" ya Kifaransa, ambayo watoto wa Kongo watakutana nayo baadaye, yaficha kumi. Vifungwe vijiti kumi kwa kamba, viwili viachwe kando. Halafu viletwe vifungu viwili na kijiti kimoja, na mtoto aonyeshe ipi ni 12, ipi ni 21. Akikosa, asikaripiwe: afungue kamba, ahesabu tena vijiti vyake.