Siku Moja katika Magofu ya Nalanda

Mtu akitoka Patna, mji mkuu wa jimbo la Bihar huko India, akaelekea kusini-mashariki kwa mwendo wa kilomita 90 hivi, atapita mashamba ya mpunga na matanuri ya kuchomea matofali mpaka afike Nalanda. Nilikwenda huko mwezi wa Januari. Ukungu wa asubuhi ulikuwa haujainuka, na kwa muda wa saa nzima sikuona ila kuta nyekundu zikitokeza moja moja, kama watu wanaokuja msibani.

Kilichofukuliwa ni sehemu tu ya mji wa zamani: nyumba 11 za watawa zilizopangwa safu, na mahekalu 6 yanayozikabili. Hekalu kubwa kuliko yote lilijengwa mara 7, kila jengo jipya likilifunika la zamani, na mahali ambapo ukuta wa nje umebomoka unaweza kuona ngazi za zama mbalimbali zikipandana. Wageni wengi hupiga picha hapo, kisha hurudi kwenye mabasi yao. Mimi nilivutwa zaidi na vyumba vya wanafunzi. Kila nyumba ina ua katikati, na vyumba vidogo vimeuzunguka pande zote. Humo mna baraza fupi ya kulalia na kidaka ukutani cha kuwekea taa. Uani pana kisima na mfereji wa kupitishia maji machafu. Basi. Aliyelelewa katika nyumba za mawe za pwani yetu hahitaji kuelezwa kidaka ni kitu gani. Niliutia mkono wangu ndani ya kimoja, nikauona ubaridi wake ni ule ule.

Katika Kiswahili cha wazee wetu, chuo ni kitabu. Kisha neno likahama kutoka kwenye kitabu likaenda kwenye nyumba kinamosomwa. Nalanda ilikuwa chuo kwa maana zote mbili. Ilianzishwa katika karne ya 5, wakati wa wafalme wa Gupta, na ikaendelea kusomesha kwa zaidi ya miaka 700. Mtawa wa Kichina Xuanzang, aliyefika katika karne ya 7, ameandika kwamba walinzi wa langoni walikuwa wanazuoni, na mgeni hakuingia mpaka ajibu maswali yao. Katika watu 10, 7 au 8 walirudishwa walikotoka. Waliopita hawakufundishwa dini ya Budha peke yake. Walisoma mantiki, sarufi, utabibu, hata Veda za Mabaramani waliokuwa wapinzani wao. Mwalimu mkuu, Shilabhadra, alikuwa mzee sana. Aliporudi kwao mwaka 645, Xuanzang alichukua vitabu 657, akautumia umri wake uliobaki kuvitafsiri.

Watawa walilishwa na mapato ya vijiji zaidi ya 100 vilivyowekwa wakfu kwa ajili yao. Posho ya Xuanzang ya kila siku imeandikwa: tambuu, popoo 20, kungumanga 20, kafuri, na kibaba cha mchele wa namna ya pekee, wenye punje kubwa na harufu nzuri. Nilicheka peke yangu niliposoma hayo. Mwanachuoni mkubwa na uraibu wake wa tambuu! Nimewajua masheikh wa namna hiyo.

Kiongozi aliyenizungusha alikuwa kijana mpole, mzaliwa wa pale pale. Aliniuliza jina, nikamwambia, na tangu hapo nikamwona anachagua maneno. Tulipofika penye ukuta uliobadilika rangi kwa moto, alisema, "Hapa, bwana, moto ulitokea," kisha akageuka upande wa pili kunionyesha jambo jingine.

Nikamwambia, "Mwanangu, moto hautokei wenyewe. Sema tu."

Akacheka kwa haya, akalitaja jina la Bakhtiyar Khalji, jemadari wa Kituruki, Mwislamu, aliyelivamia jimbo hilo kwenye mwaka 1200 hivi. Sikumlazimisha kwa ubishi. Mimi ni mtu wa Mombasa. Mji wetu ulichomwa na Wareno mwaka 1505, na sisi hatusemi kwamba moto ulitokea. Twamtaja Francisco de Almeida kwa jina lake. Ninayoyadai kwa wengine siwezi kuyakataa yakija kwangu.

Lakini kumtaja mtu ni jambo moja, na kuyajua yaliyotendeka ni jambo jingine. Aliyeyaandika mashambulizi hayo ni Mwislamu, Minhaj-i-Siraj, aliyeyasikia kwa ndugu wawili walioshiriki. Anasema askari waliiteka ngome, wakawaua wote waliokuwamo, watu walionyoa vichwa. Kisha wakakuta vitabu vingi sana, wakatafuta mtu wa kuwaeleza vina nini, hapakuwa na hata mmoja aliyesalia. Baadaye ndipo walipotambua kwamba ngome yote ile ilikuwa madrasa. Sijapata kusoma habari ya vita iliyonichoma kuliko hiyo, na mwandishi wake wala hakukusudia kulaumu.

Minhaj hakulitaja jina la Nalanda. Wanahistoria wengi wanaona ngome ile ilikuwa Odantapuri, chuo kingine cha karibu. Tena Nalanda ilikuwa imekwisha kudhoofika, kwa kuwa wafalme wa Pala walioitunza walikuwa wameanguka. Hayo ni kweli, na nimesikia watu wa dini yangu wakiyataja kwa haraka mno, kama mtu anayelipa deni kwa sarafu za mwisho mfukoni. Mimi nayataja kwa sababu yanatufikisha kwa mzee mmoja ambaye hadithi ya moto humsahau.

Mwaka 1235 hivi, zaidi ya miaka 30 baada ya Khalji, mtawa kutoka Tibet aitwaye Dharmasvamin alifika Nalanda. Alikuta majengo mengi matupu, na mwalimu mmoja, Rahula Shribhadra, mwenye umri uliopita miaka 90, akisomesha sarufi kwa wanafunzi 70 hivi. Mfadhili wao, Baramani aitwaye Jayadeva, alikuwa amefungwa na jemadari wa Kituruki huko Odantapuri; akiwa kifungoni akapeleka habari kwamba askari wanakuja, wakimbie. Wanafunzi wakakimbia. Mzee hakuwa na miguu ya kukimbilia. Dharmasvamin akambeba mgongoni, yeye mgeni, akaenda kumficha katika hekalu dogo upande wa kusini-magharibi. Askari 300 walikuja, hawakuwakuta, wakaenda zao. Mzee akarudi, na masomo yakaendelea.

Nilimuuliza kiongozi wangu iwapo hekalu lile lajulikana lilipo. Akanyosha mkono kwenye mashamba, kwa namna ya mtu anayeonyesha mbali asikokujua.

Karibu na Rajgir, si mbali na magofu, serikali ya India imejenga chuo kikuu kipya chenye jina la Nalanda. Kilianza kusomesha mwaka 2014. Sikuingia. Nilinunua khaja za Silao, vitamutamu vya tabaka tabaka vinavyovunjika mdomoni, nikapanda gari kwenda Bihar Sharif.

Mji huo umejengwa juu ya Odantapuri, na masalio ya chuo yako chini ya nyumba za watu. Hapo pia ndipo lilipo kaburi la Sheikh Sharafuddin Maneri, aliyefariki mwaka 1381, mwalimu aliyewafundisha wanafunzi wa mbali kwa barua. Nilivua viatu, nikaingia, nikamsomea Fatiha. Mama mmoja wa Kihindu, mwenye alama nyekundu kwenye paji la uso, alikuwa kando yangu na mtoto mgonjwa begani. Alinisogezea mkeka ili nami nipate pa kukaa.