Blanketi chini, moto ndani: namna tulivyopanga upya gari letu la safari



Wiki hii zamu ya kuandika imetufikia sisi wa kundi la samaki. Wengi wenu mnajua Hiace yetu nyeupe. Watoto wa mtaa wanaiita nyumba ya samaki, na hawakosei. Mara mbili kwa mwezi inatupeleka Kasenga, kwenye mto Luapula, safari ya kilometa karibu 200 kutoka hapa Lubumbashi, na inaturudisha na samaki wa kukauka na wa chumvi. Kule hatulipi chumba. Ndani ya gari ndimo tunamolala, tunamobadilisha nguo, tunamoweka chakula na dawa. Sisi wamama wanne tuko nyuma, na shofere, ambaye ni mtoto wa mmoja wetu, analala mbele na pazia katikati.

Tunajua kwamba Ulaya na Afrika Kusini kuna magari yanayotoka kiwandani yakiwa na kitanda, jiko na kabati. Letu lilitoka na viti tu. Yaliyobaki tuliyatengeneza wenyewe, polepole, kwa pesa ya likelemba. Leo tunataka kuwaambia tulichotengeneza, na kwanza kwa nini tulikitengeneza, sababu tulikaribia kufa.

Ilikuwa mwezi wa 7 mwaka uliopita. Tulitoka Kasenga asubuhi na mzigo mzuri, tukihesabu kulala nyumbani. Tairi moja ikapasuka, tukabadilisha. Ya pili ikapasuka jua likiwa linazama, na hatukuwa na nyingine. Shofere akaomba pikipiki akaenda kutafuta fundi, sisi tukabaki na mzigo kandokando ya barabara, karibu na kijiji kidogo. Mnajua baridi ya mwezi wa 7 huku kwetu juu, usiku inashuka chini ya digrii 10. Tukasema tujifunike. Blanketi ziko wapi? Ziko chini kabisa. Asubuhi tulizitupa kwanza, tukapanga juu yake magunia ya samaki, kwa kuwa tuliwaza safari ya kulala imekwisha. Tulipofaulu kuzivuta, zilikuwa zimelowa maji ya chumvi na zinanuka.

Hapo ndipo mmoja wetu alisema: mbabula bado ina makala ya bukari ya jioni, tuiingize. Wote tulikubali. Makala yalikuwa mekundu mazuri, hayatoi moshi hata kidogo, na tuliona kuwa bila moshi hakuna hatari. Tukafunga mlango na madirisha.

Aliyetuokoa ni tumbo la mdogo wetu. Aliamka akitaka kutapika, kichwa kinamgonga, miguu haina nguvu. Aliangukia mlango, ukafunguka, akaanguka nje. Ile hewa ya baridi ikamrudishia akili kidogo, akaanza kutuita. Wawili tulitoka kwa kutambaa. Mama mkubwa wetu, aliyelala karibu na mbabula, hakuitika. Tulimvuta kwa mikono na kwa kikwembe mpaka kwenye majani. Wanakijiji walikuja na taa. Mtu alileta maziwa, akisema yanatoa sumu. Mama hakuweza hata kumeza. Alifungua macho baada ya muda ambao sisi tuliuona kama usiku mzima.

Kulipokucha tulimfikisha kwenye kituo cha afya, na muuguzi alitueleza jambo ambalo tungepaswa kulijua sisi wapishi wa kila siku. Makala yanayowaka mahali palipofungwa yanatoa gesi isiyo na rangi wala harufu, inaitwa monoksidi ya kaboni. Hata makala mekundu yasiyo na moshi yanaitoa. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mtu anapumua lakini mwili haupati kitu. Inaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, kisha usingizi. Anayelala tayari hasikii lolote, ndiyo sababu watu wanakutwa asubuhi kama wamesinzia. Maziwa hayatoi gesi hii, na ukimmiminia maziwa mtu asiye na akili zake unaweza kumsonga. Dawa ya kwanza ni hewa safi: mtoe nje mara moja, kisha mkimbize hospitali, sababu hospitali ndiyo yenye oksijeni. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi.

Tuliporudi tulikaa kikao. Wengine walisema tuuze gari, tununue samaki hapa mjini kwa wenye malori. Wengine walisema tuandike sheria moja, mbabula isiingie kamwe, tumalize. Mama mkubwa alisikiliza wote, kisha akauliza: “Kwa nini tuliiingiza?” Sababu ya baridi. “Na baridi ilitushika kwa nini?” Sababu blanketi zililowa. “Na zililowa kwa nini?” Sababu hazikuwa na mahali pake. Akasema sheria peke yake haitatufaa, maana usiku wa baridi mtu anayetetemeka anasahau sheria. Tupange nyumba kwanza.

Basi tulipanga, na mpango wenyewe ni huu.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya blanketi. Nyuma ya kiti cha shofere tuliweka sanduku la kukalia, urefu sentimeta 120, kimo sentimeta 40, la mbao ya tripleksi juu ya fremu ya mbao nzito. Kifuniko kina bawaba, na chini yake tulipigilia ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya zamani ya baiskeli, ili vumbi jekundu na maji visiingie. Sanduku lote tumelifunga kwenye sakafu kwa skrubu, lisiruke gari likifunga breki. Ndani mna blanketi tano, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki, na soksi nzito. Liko karibu na mlango wa ubavuni: hata gari likijaa mpaka juu, ukifungua mlango unalifikia. Gunia haliruhusiwi kukaa juu yake, ni la mtu kukalia tu.

Kazi ya pili ilikuwa ya samaki. Zamani magunia yalikaa kwenye sakafu moja kwa moja, na maji ya chumvi yalitembea mpaka kwenye miguu yetu. Sasa upande wa nyuma kuna sinia kubwa la bati lenye ukingo wa sentimeta 6, na juu yake kichanja cha vipande vya mbao. Maji yanadondoka katika sinia. Kwenye kona kuna tundu lenye kizibo na kipande cha bomba kinachomwaga nje, mbali na chuma cha gari. Kichanja tulikikata vipande vitatu ili mama mmoja aweze kukitoa peke yake siku ya kuosha. Kati ya samaki na sisi kuna ubao uliosimama, umefungwa kwenye vyuma vya pembeni, mzigo usituangukie.

Kazi ya tatu ilikuwa ya mbabula yenyewe. Fundi wa kuunganisha vyuma alitutengenezea sanduku la chuma juu ya paa, lenye matundu na kufuli. Humo mnakaa mbabula na gunia la makala. Mazutu ya akiba yako juu pia, lakini mwisho mwingine wa paa. Baada ya kupika tunamwaga majivu, tunayamwagia maji, tunasubiri. Anayeipandisha lazima kwanza aweke kiganja chini ya mbabula. Kama bado ni moto, haipandi. Kutoka juu ya paa mpaka ndani ya gari ni mbali, na ule umbali unampa mtu nafasi ya kukumbuka.

Mengine ni madogo, lakini yametupunguzia ugomvi. Kikwembe cha zamani tulikikunja na kukishona mifuko minane, tukakitundika nyuma ya kiti: taa, dawa, karatasi za gari, mswaki, uzi na sindano, kila kitu na mfuko wake. Bidoni mbili za maji za lita 20 zinakaa chini, moja kila upande, zimefungwa kwa kamba, gari lisiegemee. Sufuria zinaingia moja ndani ya nyingine na kitambaa katikati, zisipige kelele njia nzima. Na tairi za akiba sasa ni mbili.

Tuje kwenye usafi, sababu hapa tulijifunza jambo ambalo hatukulitegemea. Tulipotoa mzigo wote ili kuweka sinia, tulikuta sakafu imeliwa na kutu, na mahali pamoja kidole kilipita mpaka nje. Ni chumvi. Fundi alipolala chini ya gari alituonyesha kwamba bomba la moshi nalo lina ufa, karibu kabisa na lile tundu. Moshi wa injini una gesi ileile ya makala. Labda vile vichwa vilivyokuwa vinatuuma kila safari, tukisema ni uchovu na jua, vilitoka hapo. Tulibadilisha kipande cha bomba na kuziba sakafu kwa bati la kuunganishwa. Tangu hapo hatuchukui kuosha gari kama kazi ya kupendeza macho.

Kila tukirudi, siku ya posho asubuhi tunafanya hivi. Tunafagia kwanza pakavu, maana vumbi letu likikutana na maji linakuwa matope na linaingia kila kona. Tunatoa vichanja, tunavisugua kwa sabuni na brashi, tunaviegemeza juani. Tunaosha sinia, kisha sakafu, kisha tunarusha maji safi chini ya gari ili chumvi itoke. Milango yote inabaki wazi mpaka pakauke kabisa. Ukifunga gari likiwa na unyevu, umeifungia kutu ndani. Palipoanza kutu tunapasugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, tunapaka rangi ya kuzuia kutu, na ikikauka tunaongeza rangi ya kawaida. Harufu ya samaki tunaipunguza kwa maji ya ndimu, na usiku tunaacha ndani kopo la makala makavu yasiyowashwa, ambayo yananyonya harufu. Makala ya namna hiyo tu ndiyo yanayoruhusiwa kulala ndani ya gari letu.

Mara moja kwa mwezi mmoja anaangalia chini: bomba la moshi, sakafu, skrubu za sanduku. Na kabla ya mvua, mwezi wa 10, mmoja anaingia ndani na taa, mwingine anamwaga ndoo za maji juu ya paa. Panapodondoka tunapatia alama ya chaki, pakikauka tunapaziba kwa silikoni. Hii kazi tunawapa watoto, wanaipenda kuliko sisi.

Mwaka huu mwezi wa 6 tulilala tena njiani, safari hii kwa kupenda, sababu tulichelewa kutoka Kasenga na hatutaki kuendesha usiku. Baridi ilikuwa ileile. Mama mkubwa alifungua sanduku, akagawa blanketi moja moja, kavu, zenye harufu ya sabuni. Kisha akatoka peke yake na taa, akamulika juu ya paa kuona kama kufuli limefungwa. Hatukumcheka. Tulimsubiri, akaingia, akalala karibu na mlango. Ndiyo nafasi yake sasa, amekataa kuibadilisha.

Wamama, huenda hamna gari. Lakini umeme unakatika kwenu kama unavyokatika kwetu, na msimu wa baridi tunaona mbabula zikiingia vyumbani, kwenye vibanda vya walinzi, hata kwenye chumba cha mama aliyejifungua ili mtoto apate joto. Tunawaomba mfanye kama mama mkubwa alivyotuuliza. Kabla ya kumkataza mtu moto, muulize blanketi yake iko wapi, dirisha lake limevunjika wapi, mlango unapitisha upepo wapi. Rekebisheni hayo, halafu mbabula ilale nje.

Siku ya posho ijayo, tukimaliza kuosha, gari litabaki wazi uwanjani mpaka saa sita. Njooni na futi ya kupimia, mtazame sanduku na kichanja, mchukue vipimo. Mabaki ya tripleksi tunayo, yatatosha masanduku mawili madogo. Atakayefika wa kwanza atayapata.

Sisi wa kundi la samaki.