Kengele mbili za mwili

Sehemu ya pili ya somo la MySQL itasubiri kidogo, mtanisamehe. Wiki hii nimesoma habari za matumbo kuliko hifadhidata.

Ami yangu wa Waa utumbo wake mpana ulijisokota, ugonjwa usio mgeni huku Afrika Mashariki. Hospitalini waliufungua kwa mpira uliopitishwa njia ya haja kubwa, lakini daktari akasema utajisokota tena, lazima kipande kikatwe. Wao hupasua tumbo wazi. Hapo simu zikaanza. Binamu aliyeko Muscat anataka tumtoe mzee, tuvuke Likoni, tutafute mahali pa kumpasua kwa matundu madogo na kamera. Shangazi naye: "Mwanangu, si wewe ndiye wa kompyuta? Hebu tutazamie."

Basi nikatazama, kama mtu anayesoma logi za seva iliyoanguka.

Mwili ukikatwa hupiga kengele mbili. Ya kwanza hupita kwenye mishipa ya fahamu hadi ubongoni: kotisoli na adrenalini hupanda, sukari hupanda, misuli huanza kuvunjwa. David Cuthbertson wa Glasgow aliliona hili miaka ya 1930 kwa watu waliovunjika mifupa. Walipoteza naitrojeni nyingi kwenye mkojo, yaani walikuwa wanakula nyama yao wenyewe. Kengele ya pili hutoka kwenye jeraha. Seli hutoa intaleukini-6, nayo huliamuru ini litengeneze protini iitwayo CRP, inayofika kileleni baada ya siku mbili tatu.

Kwa matundu madogo, kengele ya pili hulia kwa sauti ya chini, maana ukuta wa tumbo haukuchanwa sana. Ya kwanza je? Kotisoli hupanda karibu sawasawa! Ndani utumbo ni uleule, umevutwa, umekatwa, umeungwa. Ubongo haudanganyiki kwa udogo wa kovu. Tena ganzi inayopitishwa mgongoni hupunguza kengele hii ya kwanza hata tumbo likiwa wazi, ila ile ya pili haiisikii.

Binamu ana hoja, sikatai. Uchunguzi wa LAFA wa Uholanzi, uliochapishwa 2011, ulifuata wagonjwa 400 wa saratani ya utumbo. Waliopasuliwa kwa matundu na kupewa matunzo ya haraka, wa katikati yao alilala siku 5. Wa tumbo wazi, siku 7. Ndiyo faida yenyewe: siku 2 za kitanda. Vifo havikuachana. Lakini ule wa ami si uvimbe wa kungoja foleni. Ukijisokota tena njiani ukakosa damu, unaoza, na hapo hakuna kamera itakayomsaidia. Nimewaambia wakubali.

Nguvu zetu tuzitie kwenye hayo matunzo, ambayo Henrik Kehlet wa Denmark aliyahubiri tangu miaka ya 1990. Mgonjwa asishindishwe njaa na kiu bila sababu. Utumbo ukiwa haujaziba, maji huruhusiwa hadi saa 2 kabla ya usingizi. Maumivu yazuiwe bila kummiminia mofini. Uji mapema, daktari akiruhusu. Na ashushwe kitandani kesho yake, hata kama shangazi atalia kwamba mnamtesa mzee.