TAREHE 29 APRILI HAINA LAANA



Kesho ni tarehe 29 Aprili. Najua simu yako tayari imepokea ule ujumbe. Mimi nimetumiwa mara sita tangu asubuhi, mara mbili na washirika wetu wenyewe. Unasema kesho ni siku ya mauti nchini Kenya, kwamba kuna madhabahu ya giza inayodai damu kila tarehe hiyo ikifika. Usisafiri, usivuke maji, kaa nyumbani, na uwatumie watu kumi.

Sikuandikii ili nikucheke. Mwaka jana mimi mchungaji wako niliuamini ujumbe huo, na nusura mama mmoja wa kanisa letu apoteze watoto kwa sababu hiyo. Ameniruhusu niwaeleze, mradi nisitaje jina lake.

Kwanza tuseme kweli. Mambo yanayotajwa mle yalitokea.

Tarehe 29 Aprili 1994, siku ya Ijumaa, kivuko cha Mtongwe kule Mombasa kilipinduka asubuhi watu wakielekea kazini. Kilikuwa kimebeba watu wapatao 400. Waliokufa ni 272, na walikuwa karibu sana na nchi kavu. Wako wazee wa Likoni ambao mpaka leo hawawezi kuizungumzia asubuhi ile.

Tarehe 29 Aprili 2016, Ijumaa tena, mvua kubwa ikinyesha Nairobi usiku, nyumba ya ghorofa sita iliporomoka Huruma. Watu wapatao 50 walifariki. Utakumbuka yule mtoto mchanga wa kike aliyetolewa hai chini ya kifusi baada ya siku tatu. Nchi nzima ilimshukuru Mungu, kisha ikasikia kwamba mama yake hakupona.

Tarehe 29 Aprili 2024, kabla ya mapambazuko, maji yalishuka kutoka Old Kijabe yakabeba nyumba, magari na miti mpaka Mai Mahiu. Watu zaidi ya 40 walifariki, wengi wao wakiwa wamelala.

Ukiyapanga hayo matatu pamoja, mwili unasisimka. Wangu pia ulisisimka. Basi mwaka jana nikaitisha kesha la kuivunja roho ya mauti ya tarehe 29.

Siku mbili kabla ya kesha, mama huyo alinipigia simu. Anaishi na watoto watatu katika chumba cha mabati kando ya mto. Akaniuliza, "Pastor, kwa hiyo tarehe 29 nitoke hapa na watoto?" Nikamwambia, "Ndiyo mama, watoe, wapeleke kwa dada yako, halafu uje tuombe." Akafanya hivyo. Tukakesha, tukakemea, tukapiga makofi mpaka mikono ikauma. Kulipokucha tarehe 30 nikasimama madhabahuni nikatangaza kwamba siku imepita na mauti imeshindwa. Watu wakashangilia. Mama akaenda kwa dada yake, akachukua watoto, akarudi nao kwenye kile chumba kando ya mto.

Siku nne baadaye mto ulifurika usiku.

Jirani mmoja, kijana ambaye haji kanisani kwetu wala kwingine, ndiye aliyegonga mlango na kuwatoa watoto mmoja mmoja begani. Asubuhi nilifika pale. Matope yalikuwa yameacha alama ukutani, juu kuliko godoro walilokuwa wamelalia. Mama alinitazama akaniambia kwa upole kabisa, "Pastor, si ulisema imepita?"

Mpendwa, sikuwa na jibu. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nilirudi nyumbani nikafunga mlango wa chumba changu. Nilielewa kwamba hofu ya tarehe 29 haikumdhuru mama yule. Kilichotaka kumwua ni ile amani ya uongo niliyompa tarehe 30. Nilikemea siku kwenye kalenda nikauacha mto mahali pake.

Ndipo nikayatazama upya yale mambo matatu. Sikutazama tarehe tena, nilitazama yaliyotangulia. Kivuko cha Mtongwe kiliundwa kubeba watu 300, kikapakiwa 400. Nyumba ya Huruma ilikuwa imejengwa karibu na mto, na maafisa walikuwa wameshasema haifai kukaliwa na watu, lakini kodi iliendelea kukusanywa. Kule Old Kijabe, njia ya maji iliyo chini ya reli ilikuwa imezibwa na takataka na miti, maji yakajaa nyuma ya tuta mpaka tuta likashindwa. Na Aprili ni mwezi wa masika. Mvua yetu kubwa ikinyesha kila mwaka katika majuma yale yale, haishangazi nyumba mbovu na mitaro iliyoziba kutuua katika majuma yale yale.

Tena fanya hesabu ndogo. Mwaka una siku 365 tu, na dunia ina historia ndefu. Ukikusanya watu 23 tu katika chumba kimoja, uwezekano wa wawili kati yao kuzaliwa tarehe moja umeshapita nusu. Jaribu katika kikundi chako cha nyumbani. Ikiwa siku za kuzaliwa za watu wachache hukutana hivyo, misiba ya miaka mingi itakosaje kukutana? Chagua tarehe yoyote, hata ile uliyofunga ndoa, utapata mahali watu walilia.

Bwana wetu aliwahi kuulizwa kuhusu habari za namna hii. Soma Luka 13. Yeye mwenyewe akautaja mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu kumi na wanane, akawauliza kama walidhani marehemu wale walikuwa waovu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Akakataa wazo hilo. Hakusema siku ile ilikuwa na nuksi. Aliwageuzia macho wale waliokuwa hai, akawaambia watubu. Sasa kutubu ni kugeuka. Aliyezidisha abiria ageuke. Aliyejenga juu ya mtaro ageuke. Na mchungaji aliyewapa watu amani ya uongo, ageuke yeye wa kwanza.

Kisha soma Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 8. Mungu anamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari yake, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Umeona? Mungu yule yule anayesikia maombi yetu ya kesha ndiye aliyeagiza ukingo wa dari. Kwake kuzuia ajali ni utii, si ukosefu wa imani.

Kuna nchi iliyojifunza hili kwa machozi. Usiku wa tarehe 29 Aprili 1991, kimbunga kiliipiga Bangladesh, bahari ikapanda ikafunika vijiji vya pwani karibu na Chittagong. Watu wapatao 138,000 walikufa. Ndiyo, tarehe ile ile. Lakini watu wale hawakubaki wakiiogopa tarehe. Walijenga majumba ya zege ya kukimbilia, mengine yakisimama juu ya nguzo, wakaongeza watu wa kujitolea wanaozunguka na vipaza sauti kuwaonya wenzao. Mwaka 2007 kimbunga kingine kikali sana, Sidr, kiliwajia mwezi wa Novemba. Waliokufa walizidi 3,000. Bado ni kilio kikubwa, lakini pima mwenyewe tofauti yake na 138,000. Kimbunga hakikuwa kimekemewa. Watu walikuwa wamehamishwa.

Nikatazama na kanisa letu. Katika lile kesha tulikuwa zaidi ya 200 ndani ya ukumbi, na mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa mnyororo na kufuli ili wezi wasiibe vyombo. Mwenye ufunguo alikuwa amesafiri. Moto ungetokea kwenye zile waya za stima, tungekufia mlangoni tukikemea mauti. Mnyororo ule nimeutoa kwa mkono wangu. Yule mama naye kanisa lilimsaidia kodi ya miezi mitatu, sasa anaishi mlimani, mbali na mto. Sadaka iliyolipa kodi ile iliwalinda watoto wake kuliko kelele zangu zote za usiku ule.

Kwa hiyo kesho amka, omba, nenda kazini. Ukifika kwenye matatu iliyojaa kupita kiasi, shuka, hata ukichelewa. Kama unaishi kando ya mto, usingoje tarehe, ngojea mawingu, na ukiona mvua mlimani ondoka usiku huo huo, iwe tarehe 29 au tarehe 3. Huna pa kwenda? Nipigie. Ukumbi wa kanisa uko wazi, na milango yote miwili inafunguka. Wewe mwenye nyumba za kupangisha, nenda kazitazame nyufa kabla hujatuma ujumbe wa kodi. Vijana, Jumamosi saa mbili asubuhi tunazibua mtaro wa pale sokoni. Njoo na koleo.

Na ule ujumbe wa watu kumi, ufute. Badala yake mpigie mtu mmoja anayeishi mahali pa hatari, umuulize, "Mvua ikizidi leo usiku, utalala wapi?"

Tuombe. Baba, wafariji waliofiwa Mtongwe, Huruma na Mai Mahiu, ambao kesho kwao ni siku ya kumbukumbu. Utusamehe pale tulipokuachia wewe kazi uliyotuagiza sisi. Utupe macho ya kuona hatari na mikono ya kuiondoa. Katika jina la Yesu.

Kama unamjua mtu anayeishi kando ya mto, usiandike Amina kwanza. Mpigie simu, kisha urudi uandike.