Ritifaa ya Ng'ang'a

Kazi ya kuandika programu niliianzia Buruburu, mtaa wa Eastlands, Nairobi, katika ofisi ya ghorofani, tukiwatengenezea wateja wa Umoja, Donholm na Kayole mifumo ya karo na ya michango ya vyama. Lugha ilikuwa PHP, data tukiiweka kwenye MySQL. SEACOM, mkonga wa intaneti wa chini ya bahari, ulikuwa haujafika Mombasa, ulikuja 2009. Intaneti ilipitia setilaiti, na seva zetu tulizikodi ng'ambo.

Kilichonifunza kazi ni majina ya watu. Ng'ang'a, Nyong'o, Wang'ombe: Eastlands hupiti mlango wa pili bila kukutana na ritifaa. Kwa MySQL, ritifaa ndiyo hufunga maandishi, kwa hiyo jina hilo hukatika katikati na amri nzima hukataliwa, isipokuwa ritifaa ikingwe kwa alama nyingine mbele yake. PHP ya wakati ule iliweza kuweka kinga hiyo yenyewe, kwa mpangilio wa magic_quotes_gpc. Lakini aliyeuwasha au kuuzima, kwa kawaida, ni mwenye seva. Pale ulipowashwa, nasi tukaongeza kinga yetu, risiti ilitoka imeandikwa Ng\'ang\'a. Mpangilio mwingine, magic_quotes_sybase, ulibadilisha alama yenyewe: badala ya mkwaju wa kinyume, ritifaa ilikingwa kwa ritifaa ya pili.

Mzazi mmoja aliweka risiti ya namna hiyo mezani akasema, "Kijana, hili si jina langu." Alikuwa na haki. Risiti ya karo ni ushahidi wa pesa ya mtu.

Basi skripti zangu zote ziliuliza kwanza. get_magic_quotes_gpc() ilijibu 1 au 0, ini_get ikaeleza kama ule wa sybase umewashwa, ndipo nikaondoa kinga isiyo yangu kabla ya kuweka yangu. Wenzangu wengine walibahatisha kwa kutafuta mkwaju ndani ya maandishi. Nilipinga, na bado napinga: mtu anaweza kuuandika mwenyewe, tuseme anapotaja faili la Windows, na skripti ikaufuta.

PHP 5.4 iliiondoa mipangilio hiyo mwaka 2012. Siku hizi kinga naiachia PDO, kiolesura cha PHP cha kuongea na hifadhidata. Hata hivyo MySQL bado ina hali ya NO_BACKSLASH_ESCAPES, inayoufanya mkwaju kuwa herufi ya kawaida, na hapo kinga ya mkwaju haifanyi kazi. SELECT @@sql_mode itakuonyesha kama imewashwa.

Wewe unayeandika programu leo, ijaribu fomu yako kwa jina la Ng'ang'a kabla ya kumkabidhi mteja.