Wageni wa Kilwa



Kijana mmoja niliyemsomesha Juzuu Amma hapa Mjimwema, ambaye sasa anafanya kazi Muscat, aliniletea kwa simu picha za hoteli za pwani ya Bahari ya Mediteranea, ile ambayo wanazuoni wa zamani waliiita Bahari ya Rumi. Nyumba nyeupe zimepangana juu ya jabali, na mbele yake mna mahodhi ya kuogea yanayokaribia kugusana na bahari. Akaniuliza: "Mwalimu, ukipata likizo utalala katika ipi?" Nilicheka, nikampa mama watoto naye atazame. Yeye hakucheka. Alitazama kitambo, kisha akasema: "Mimi nimewatandikia wageni miaka thelathini katika nyumba hii. Sijapata kutandikiwa."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Nyumba ya mwalimu wa madrasa haikosi wageni: mzazi aliyetoka Namtumbo kumleta mtoto, msafiri aliyekosa gari, mashekhe wanaopita. Wote hao hula kwa mikono yake. Basi tulipokwisha kuuza mahindi mwaka ule, tuliazimia kwenda pwani, yeye na mimi na watoto wetu wawili wadogo. Mediteranea ilipita uwezo wetu, Kilwa haikupita.

Tulishika njia ya kusini: Tunduru, Masasi, Lindi. Mji tuliolala usiku wa kwanza siutaji. Tuliingia gesti ambayo ukumbi wake wa chini huuzwa pombe, nasi hatukujua mpaka jua lilipokuchwa na muziki ulipoanza kutikisa vitanda. Nilipomwuliza msimamizi upande wa kibla ni upi, alinijibu kwamba chumba kina feni. Nayataja haya ili kila mwenye familia aulize kabla ya kutoa fedha yake: Je, pana baa? Maji yapo? Mlango una komeo? Wako wanaoona haya kuuliza. Mimi naona haya zaidi kuamshwa usiku na mtoto anayetaka kujua watu wale wanagombania nini.

Kilwa Masoko tulifikia nyumba ya wageni yenye vyumba sita, mali ya mama mmoja mtu mzima. Si nyumba ya kupigwa picha. Lakini shuka zilikuwa zimefuliwa na kunyooshwa, chandarua hakikuwa na tundu, ndoo ya maji na kata vilikuwa mahali pake, mkeka umeviringishwa nyuma ya mlango, na ukutani umechorwa mshale kwa chaki kuonyesha kibla. Kutoka Kilwa, Makka iko kaskazini moja kwa moja, karibu bila ya kupinda, na mshale ule ulikuwa sawa.

Ilipofika magharibi mama watoto aliinuka kwenda jikoni kusaidia, kama ilivyo ada yake popote aendapo. Mwenye nyumba akamshika bega. "Kaa, mwenzangu. Leo hupiki." Akaletewa wali wa nazi na changu wa kukaanga. Msomaji, nimeishi na mke huyu muda mrefu, wala sikuwa nimepata kumwona hajui mikono yake aiweke wapi. Aliinuka mara mbili kufuata maji ya kunawa, mara mbili akarudishwa. Mara ya tatu alicheka mwenyewe, akaegemea ukuta, akala.

Kesho yake tulichukua kibali katika ofisi ya mambo ya kale, tukavuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani, ambako magofu yake yamo katika urithi wa dunia tangu mwaka 1981. Tuliuona Msikiti Mkuu, kisha tukaenda Husuni Kubwa, jumba alilolijenga Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14. Liko juu ya jabali linaloelekea bahari, lina vyumba zaidi ya 100, na ndani yake mna hodhi ya kuogea yenye pembe nane. Mdogo wetu akasema: "Baba, kumbe hii ndiyo hoteli ya kwenye simu!" Sikumkosoa sana.

Kwani mwaka 1331 alifika Kilwa Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, mji ulio mlangoni mwa Mediteranea. Katika nchi za kwao msafiri hulala funduki: nyumba yenye ua katikati, wanyama na bidhaa chini, watu juu, na kila mtu hulipa chake. Hata leo hoteli kwa Kiarabu ni funduki. Lakini alipotia nanga Mogadishu, kabla hajafika huku, alikuta desturi nyingine. Vijana walizijia jahazi kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Yule mfanyabiashara aliyepewa sahani akawa mgeni wa nyumba iliyoituma, naye hulala humo. Ibn Battuta, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alichukuliwa na kadhi, akalazwa katika nyumba ya wanafunzi. Na Sultani wa Kilwa aliyemkuta ndiye huyo al-Hasan, aliyeitwa Abul-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Fakiri mmoja wa Yemen alimwomba nguo alizovaa, wakati akitoka sala ya Ijumaa. Akaingia nyumba iliyo karibu, akabadili, akampa.

Sisemi kwamba anayetoza fedha hana ukarimu. Yule mama wa Kilwa Masoko alitutoza, nasi tulilipa kwa furaha. Nasema alitupokea kwanza, hesabu ikafuata asubuhi.

Kutoka hapo tulikwenda Dar es Salaam, tukavuka kwa boti hadi Unguja. Mji Mkongwe una majumba ya kale yaliyogeuzwa hoteli: Hurumzi pana nyumba iliyokuwa ya Tharia Topan, tajiri wa Kihindi wa zama za Seyyid Barghash, na Shangani pana Africa House, iliyokuwa klabu ya Waingereza. Tulizitazama kwa nje. Bei ya usiku mmoja katika hoteli za namna hiyo si ya mwalimu wa madrasa, na katika nyingi pombe huuzwa. Hata hivyo sizilaumu. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, na nyumba isiyokaliwa huanguka upesi zaidi. Sisi tulilala siku mbili katika nyumba ndogo ya uchochoroni, yenye baraza la mawe mlangoni, ambapo mama watoto alikaa jioni zote mbili akitazama wapitao kama kwamba ndiye mwenye mtaa.

Kijana wa Muscat nilimjibu kwa picha ya lile hodhi la pembe nane. Akauliza linalaza watu kwa shilingi ngapi.

Tuliporudi Mjimwema, kulikuwa na mgeni amekwisha kufika, mzee wa Mbinga, anatungoja kwa jirani. Mama watoto alimwandalia chakula kama siku zote. Kisha aliniomba kipande cha chaki ya madrasa, akaingia chumba cha wageni, akaniita nimwonyeshe kibla barabara, naye akachora mshale ukutani.