Zamu ya Nani

Mwaka 2003 Ufaransa ilipitisha sheria inayomtaka kila mwenye bwawa la kuogelea lililochimbwa nje ya nyumba yake aweke walau kinga moja kati ya nne: uzio, mfuniko, banda la kulifunika bwawa zima, au king'ora kinacholia mtoto akitumbukia. Faini ya anayekaidi inaweza kufika euro 45,000. Australia nako wanadai uzio wa kimo cha mita 1.2 na lango linalojifunga lenyewe, tena wanakataza kuacha karibu na uzio kitu chochote ambacho mtoto anaweza kukikwea, hata kiti cha plastiki. Nilimsomea shemeji yangu hayo yote pale Nyali, tukiwa tumesimama kando ya shimo alilokuwa akichimbisha uani. Akacheka. "Hayo ni ya Wazungu, shemeji. Hapa nani atanishtaki?"

Jibu limo katika sheria ambayo hata neno bwawa haina. Sheria ya Kenya kuhusu dhima ya mwenye makazi, Sura ya 34, ilifuata kwa karibu ile ya Uingereza ya 1957. Kinachotazamwa humo si jina lililo kwenye hati ya nyumba. Anatazamwa anayeishika nyumba kwa wakati huo, awe mwenye mali au mpangaji, kwa kuwa ndiye anayepaswa kuchukua hadhari ili mgeni wake asidhurike. Kisha sheria inasema jambo ambalo mama yeyote angelisema bila kusomea: mtoto asitarajiwe kuwa na uangalifu wa mtu mzima. Bango la "Unaogelea kwa hatari yako" ambalo shemeji alikwisha kuliagiza kwa mchoraji lingemsaidia kidogo sana, kwani onyo huhesabika pale tu linapotosha kumweka mgeni salama. Mgeni wa miaka mitatu hajui kusoma.

"Na asiyealikwa?" aliuliza, akidhani amenishika. Mwaka 1965, kusini mwa London, mtoto wa miaka sita alipita penye uzio uliokanyagwa ukalala, akafika kwenye reli ya umeme na kuungua vibaya. Hakuwa mgeni wa mtu. Hata hivyo, mwaka 1972 majaji wa juu wa Uingereza waliamua kwamba shirika la reli, lililojua uzio ule umeharibika na watoto wanapita hapo, lilikuwa na wajibu wa kiutu kwake. Mahakama zetu hazilazimiki kuifuata hukumu hiyo, ila si za kuipuuza. Mtoto wa jirani anayeruka ukuta kufuata mpira wake si mwizi, na shemeji analijua hilo, kwa sababu mipira miwili ilikuwa tayari imetua shimoni.

Basi uzio ukakubaliwa. Kuhusu umeme, pampu na dawa sikuwa na maneno mengi: taa za majini ziwe za volti ndogo, klorini isichanganywe kamwe na asidi kwa kuwa hutoa hewa ya sumu, na bwawa likitelekezwa likageuka kijani huwa mazalia ya mbu, jambo ambalo Sheria ya Afya ya Umma nayo inalo la kusema juu yake. Lango ndilo lililotuchelewesha. Nyali bahari iko jirani, na upepo wa chumvi hula chuma usiku na mchana. Springi iliyofungwa ikiwa inang'aa inaweza kuwa imeshika kutu na kulegea kabla ya mwaka kwisha. Kuipima si kazi kubwa. Lisukume lango lifunguke upana wa kiganja, kisha liachie. Likirudi na kugota kwenye komeo, sawa. Likisimama njiani, aitwe fundi siku hiyo hiyo.

Hata lango zima hushindwa na sherehe. Siku ya Idi vijana wanatoa sinia za pilau jikoni kuzipitisha uani, mikono imejaa, na mmoja wao anasogeza kreti la soda kwa mguu ili lango libaki wazi. Kwa mwenye sinia mikononi ni jambo la akili kabisa, na nimeliona katika nyumba zaidi ya moja. Kreti linaweza kukaa pale hadi Magharibi, na hakuna atakayelitilia shaka.

Mtoto mdogo anapozama hapigi kelele. Mdomo umo majini, pumzi ya kuita haipo, na mikono inasukuma maji badala ya kupunga. Dakika chache bila oksijeni zinatosha kuudhuru ubongo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, karibu robo yao watoto wa chini ya miaka mitano. Wengi hawakufia kwenye mabwawa ya kuogelea, walifia mitoni, ziwani na visimani, lakini kuzama ni kule kule. Penye watu wazima ishirini, kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia. Ndiyo maana nikasisitiza zamu: mtu mmoja, anayejulikana kwa jina, simu mfukoni, nusu saa, kisha ampokeze mwingine kwa mdomo.

Shemeji aliafiki haraka mno. "Zamu ya dada."

Dada wa kazi ndiye anayepika chapati, kufua, kuanika na kuitika kila jina lake likiitwa. Kwao ni bara, na kuogelea hajui. Hapo ndipo nilipoona tunavyolichukulia jukumu katika nyumba zetu. Tunalituma kama tunavyomtuma mtu dukani, likashuka ngazi hadi kwa yule asiye na ubavu wa kulikataa, nasi tukalala tukiamini limebebwa. Sheria inamruhusu mwenye nyumba kumtegemea fundi wa nje aliyemchagua kwa uangalifu na kuikagua kazi yake kadiri inavyowezekana. Mtumishi wake mwenyewe ni habari nyingine: uzembe wa mtumishi kazini humrudia bwana wake. Mimi lakini sikuwa nikiwaza mahakama. Nilimwaza yule msichana akisimama ukingoni, mtoto majini, naye hajui afanye nini.

Nikamwambia shemeji ama ashike zamu mwenyewe, ama amlipie dada mafunzo ya kuogelea na ya huduma ya kwanza. Akachagua yote mawili, nadhani kwa kuwa mkewe alikuwa anasikiliza. Dada alipoulizwa alikubali kujifunza, ila akasema Jumapili ni siku yake ya mapumziko na haigusiki. Mafunzo yawe katikati ya wiki, yahesabiwe kazini, na siku hiyo chapati zipikwe na mwingine. Shemeji akamtazama mkewe, mkewe akamtazama yeye.